Kifuniko cha Kava la Magineto Kikigoma Kufunguka

Pikipiki nyingi za bodaboda zina vifuniko viwili vya duara upande wa kushoto wa injini, kwenye kava la magineto, yaani sumaku na koili zinazozalisha umeme wa pikipiki. Kile kikubwa cha katikati kinakufikisha kwenye nati ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ili uizungushe injini kwa spana. Kile kidogo cha juu ni tundu la kuonea alama ya T, inayokujulisha kwamba pistoni imefika juu kabisa na unaweza kuseti tapeti, yaani uwazi wa vali. Hufunguliwa kwa nadra, na kati ya mara hizo vumbi, maji ya kuoshea na kutu nyeupe ya alumini huingia kwenye nyuzi, ile mistari ya kukazia kifuniko. Huku kwetu Tanga, chumvi ya bahari inazidisha. Nimeona kava zuri likitupwa kwa ajili ya kifuniko cha bei ndogo, na inaniuma kila mara.

Kabla hujashika nyundo, jiulize kama ni lazima ukifungue leo. Ikiwa shida ni tapeti tu na injini ni ya silinda moja, unaweza kuitafuta pistoni bila ile alama. Injini ikiwa baridi, toa plagi, ingiza gia ya juu, shikilia mrija mrefu wa plastiki ndani ya tundu la plagi, kisha zungusha tairi la nyuma taratibu kuelekea mbele. Mrija ukiacha kupanda na roka zote mbili, vile vyuma vinavyosukuma vali, zikawa na uchezaji mdogo, hapo ndipo. Roka moja ikiwa imebana, ongeza mzunguko mmoja wa krenki.

Ikibidi kukifungua, kila kitu kinategemea kile unachokiingiza kwenye mkato, ule mfereji ulio usoni mwa kifuniko. Alumini ya vifuniko hivi ni laini. Bisibisi ya kawaida hugusa katikati tu, sarafu ni nyembamba, na vyote viwili vikiteleza mara moja vinakula kingo za mkato; baada ya hapo umebaki na duara lisilo na pa kushika. Mimi natumia kipande cha chuma bapa nilichokipiga tupa hadi kikajaa mkato mzima, upana na unene, bila kucheza. Nakikandamiza kwa kiganja kwa nguvu zote huku nikikizungusha kwa spana malaya, kinyume cha saa. Nguvu ya kukandamiza ni muhimu kuliko ya kuzungusha. Kama kifuniko chako kina tundu la pembe sita, safisha kwanza uchafu uliojaa ndani kwa msumari ili spana ya L izame hadi chini.

Kabla ya hapo, piga mswaki wa waya kuzunguka ukingo, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, uache yalale usiku kucha. Asubuhi weka kipande cha mbao ngumu juu ya kifuniko, ugonge kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi. Unataka mtikisiko uvunje kutu, basi. Kava ni la kuyeyushwa na kumiminwa, likipigwa sana linapasuka.

Kikikataa bado, fundi wengi hushika tindo na kuanza kugonga ukingo. Ushauri wangu ni kulitoa kava zima. Laza pikipiki upande wa kulia, au mwaga oili, ufungue bolti zake na ulivute kwa uvumilivu maana sumaku inalishika. Fungua koili zilizofungwa ndani. Halafu litumbukize kava tupu kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo kifuniko cha chuma hulegea chenyewe. Hata kikiwa cha alumini, joto huisumbua ile kutu. Angalia tu kisiwe cha plastiki. Na ukilazimika kutumia tindo au kutoboa, fanya hapa mezani, ambapo chembe za chuma haziwezi kunaswa na sumaku au kuingia kwenye oili. Ukirudisha kava, weka gasketi mpya.

Wakati wa kufunga, safisha nyuzi za pande zote mbili, paka grisi kidogo, weka oringi mpya, ile pete ya mpira. Oringi ndiyo inayozuia oili kuvuja, kwa hiyo kifuniko hakihitaji kukazwa kama nati ya tairi: kizungushe kwa vidole hadi kigote, kisha ongeza kidogo kwa chombo chako. Kifuniko kilichoharibika mkato usikirudishe. Nenda nacho dukani, kwa sababu vipimo vya nyuzi hutofautiana kati ya pikipiki na pikipiki, na kipya ukijaribu kwa vidole kwenye kava kabla ya kukipeleka kazini.