Betri hainifikishi hata saa moja: je, TLP itanisaidia?

SWALI: Yaya, mimi ni mwanafunzi hapa Goma, mtaa wa Katindo. Nilinunua ThinkPad ya mitumba kule Birere. Umeme ukikatika, betri haimalizi hata saa moja. Rafiki kaniambia niweke TLP kwenye Ubuntu yangu. Inalipiwa? Mega zangu ni za kuhesabu. Na ni kweli hata asiyejua kuandika programu anaweza kuwachangia watengenezaji wake?

JIBU: Mdogo wangu, hulipi hata franka. TLP ni programu huria ya Linux inayopunguza matumizi ya betri, yenye leseni ya GPL inayoruhusu kila mtu kuitumia na kuibadilisha, na kwa kuwa ni skripti tu (faili fupi za amri) za sheli na Perl, ni nyepesi sana. Kitakachokula mega zako ni sudo apt update inayotangulia, yaani amri ya kusasisha orodha ya programu, si TLP yenyewe. Kisha, kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sudo apt install tlp, halafu sudo tlp start ili ianze bila kuzima mashine. Kama Ubuntu yako ina power-profiles-daemon, programu nyingine ya kusimamia umeme, iondoe. Hizo mbili hazikai chungu kimoja.

Ila kabla ya kufurahi, andika sudo tlp-stat -b. Utaona energy_full_design, yaani kiasi ambacho betri ilibeba ikiwa mpya, na energy_full, inachobeba leo. Hapa Kadutu, Bukavu, nimefungua mashine nyingi za mitumba ambazo namba ya pili haifiki nusu ya kwanza. Kibuyu kilichopasuka hakizibwi na programu. TLP itapunguza kiu ya mashine, basi.

Sasa jambo linalowakosesha wengi. Watakuambia ufungue /etc/tlp.conf, faili la mipangilio ya TLP, uondoe alama ya # mbele ya START_CHARGE_THRESH_BAT0 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0, yaani mipaka ya asilimia ya kuanza na kuacha kuchaji, uweke 75 na 80, ili betri isijae kabisa na idumu miaka. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu ambaye laptopu yake imechomekwa ukutani mchana kutwa. Wewe umeme unakuja usiku wa manane na kuondoka alfajiri. Asilimia 20 unayoiacha ndiyo kurasa zako za mwisho za kazi ya shule. Mimi mwenyewe nimeiacha 80 kwa siku za kawaida, na nikinusa kwamba umeme utakatika napiga sudo tlp fullcharge: inajaza hadi mwisho mara hiyo moja, kisha mipaka inarudi mashine ikiwashwa upya.

Kuhusu kuchangia, nikuambie aibu yangu. Niliwahi kuwaandikia watengenezaji wa TLP ripoti, kwa Kiingereza cha kuokoteza, nikilalamika kwamba mipaka haifuatwi. Nilipokuwa nakusanya matokeo ya tlp-stat ili niyaambatishe, nikaona nimeandika kwenye /etc/default/tlp, faili la zamani. Tangu toleo la 1.3 ni /etc/tlp.conf. Ripoti nikaifuta kabla haijaondoka. Kwa hiyo anza na tlp-stat, kisha soma orodha ya hitilafu zilizokwisha ripotiwa GitHub, tovuti ambako mradi huo unatunzwa, ndipo uandike: aina ya mashine, toleo la Ubuntu, ulichofanya, ulichotarajia, kilichotokea. Ripoti ya namna hiyo ni mchango halisi, na haihitaji kuandika mstari hata mmoja wa programu. Vilevile ukikuta sentensi ya maelekezo imekuchanganya, waambie ni ipi.

Namba zako mbili za betri nitumie. Zikiwa mbali sana, nitakueleza jinsi ya kukagua betri nyingine kabla hujamlipa muuzaji wa Birere.