Bibi, usimeze hivyo vidonge usiku wa leo

Bibi, shikamoo, na hivyo vidonge viweke chini kwanza.

Umesema una miaka 67, unashinda na wajukuu wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 2 anayelala chumbani kwako. Mgongo unauma, binti yako hujui umwanzie wapi kuhusu siku ya kupumzika, na kila ikifika saa 8 usiku uko macho makavu. Halafu kuna mtu amekujibu umeze vidonge viwili vya mafua na mzio, vile vinavyolewesha usingizi, mawazo yaishe. "Ni vya mafua tu, havina neno." Maneno hayohayo niliyaamini, na gharama yake naijua. Yananikera zaidi yakitoka kwa muuza dawa anayemkabidhi mzee pakiti bila kumuuliza umri wala dawa nyingine anazomeza.

Dawa hizi ni klofeniramini, difenhidramini na promethazini, zote ukoo mmoja. Zinaleta usingizi kwa kuzuia histamini, kemikali inayouweka ubongo macho. Lakini haziishii hapo. Zinazuia pia asetilkolini, ambayo kumbukumbu, kibofu, utumbo na mate vyote vinaitegemea. Ndiyo maana mzee huanza na mdomo mkavu na choo kigumu, macho yakaona ukungu, kisha akasahau kama jiko amelizima. Babu mwenye tezi dume iliyotanuka anaweza kuzibwa mkojo kabisa, akakimbizwa hospitali kuwekewa mpira.

Kosa linaloumiza wengi ni kuhesabu usiku na kusahau asubuhi. Mwili wa mzee unaisafisha dawa polepole. Difenhidramini uliyomeza saa 4 usiku, nusu yake inaweza kuwa bado mwilini saa 5 asubuhi. Klofeniramini nayo haina haraka ya kutoka. Na saa 5 asubuhi ndipo mtoto wa miaka 2 yuko mikononi, birika liko motoni, na kichwa chako kiko nusu. Usiku wenyewe ndio mbaya zaidi. Mtoto analia, unainuka ghafla gizani, presha inashuka, unamnyanyua huku sakafu inayumba. Nyonga ya mzee ikivunjika ni upasuaji na miezi ya kujifunza kutembea upya, achilia mbali aliyekuwa mikononi.

Kisha baada ya siku 3 au 4 mfululizo mwili unaizoea, usingizi haushiki tena, na mtu anaongeza kidonge cha tatu. Akipata kikohozi anakunywa dawa ya maji yenye dawa ileile ndani, kipimo kinakuwa maradufu bila yeye kujua.

Orodha ya Beers, iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mark Beers wa Marekani, inataja dawa ambazo wenye miaka 65 na kuendelea waziepuke, na toleo la 2023 bado linazitaja hizi. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, na ndugu zake nazo zimo. Ila kama diazepamu umeshaimeza kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla, unaweza kupata degedege. Daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Kanuni yangu ni moja: anayeamkia mtoto usiku asilale kwa kidonge cha kujinunulia. Usingizi unatengenezwa asubuhi. Chagua saa ya kuamka, tuseme saa 12, na usiibadilishe hata kama usiku ulikuwa mbaya. Toka nje na watoto nusu saa mpate mwanga. Chai na kahawa mwisho saa 6 mchana. Watu hunibishia hapa, lakini nusu ya kafeini bado imo mwilini masaa 5 hivi baada ya kikombe. Mdogo akilala mchana nawe jinyooshe dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 9. Usiku usipande kitandani mpaka usinzie, hata ikiwa saa 5.

Ukizinduka saa 8 na kama dakika 20 zimepita, usigaegae. Keti ukingoni mwa kitanda dakika moja, simama taratibu, nenda kakae kitini kwenye taa hafifu. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, hivyo kwa dakika 5. Rudi kitandani ukianza kusinzia. Wiki ya kwanza utachoka kuliko sasa, usikate tamaa, maana usingizi huanza kushikana wiki ya 2 au ya 3.

Na kama una dawa ya presha ya kukojosha, muulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi. Wengi huimeza jioni, wakadhani mawazo ndiyo yanayowaamsha, kumbe kibofu.

Binti yako kwa sasa mwombe jambo moja tu: kitanda cha mdogo kihamie chumbani kwake. Wazazi wakisharudi, kilio cha usiku ni chao.

Pakiti kama iko hapo mezani, igeuze. Chini ya jina kubwa la rangi kuna jina dogo la dawa yenyewe. Liandike hapa kabla hujalala.