Kompyuta Haiendi Kuuliza Nywila

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi huku Morogoro. Natayarisha maelezo ya kuwaelekeza wanafunzi jinsi ya kuweka Plank, ile doki inayokaa chini ya skrini ikiwa na aikoni za programu, kwenye kompyuta zetu zenye Xubuntu 22.04, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Nimeandika "kusakinisha". Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba neno sahihi ni "kusanidi", na wanafunzi wenyewe wanasema "kuinstoo". Nani yuko sahihi? Nimeambatanisha kurasa mbili za maelezo uone neno lilivyotumika.

JIBU: Wewe uko sahihi, mwalimu. Sakini ni kukaa mahali, mzizi wake ni wa Kiarabu, na maskani ni ndugu yake. Programu iliyosakinishwa imepewa pa kukaa ndani ya kompyuta. Kusanidi nako kuna kazi yake, ila kazi hiyo huja baadaye: ni kuipangia programu namna itakavyofanya kazi. Ukishaisakinisha Plank ndipo unapoisanidi, ikae kushoto badala ya chini, aikoni ziwe kubwa, ijifiche dirisha likiifikia. Mwenzako hayuko peke yake, maana wapo wengi wanaotumia kusanidi kwa mambo yote mawili. Lakini mwanafunzi atakayeyafanya yote mawili katika kipindi kimoja anahitaji maneno mawili. "Kuweka" hakuna ubaya katika mazungumzo. "Kuinstoo" hatukuhitaji. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai leo kwamba msamiati haujatafutwa. Doki iache ilivyo, usiifasiri "gati". Gati ni pa meli kufunga, na atakayesoma "gati" ataifikiria Kilindini kabla hajaifikiria skrini.

Swali lako limejibiwa. Lakini umeniletea kurasa, nimezisoma, na nilichokikuta humo kinaniudhi kuliko kuinstoo zote za Morogoro. Hivi ndivyo ulivyoanza (terminali ni lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri):

"Leo tunakwenda kusakinisha Plank. Kwanza tunakwenda kufungua terminali. Baada ya hapo tunakwenda kuandika sudo apt install plank. Kompyuta inakwenda kutuuliza nywila. Tunakwenda kuandika nywila yetu na terminali inakwenda kuificha. Kisha Plank inakwenda kupakuliwa na inakwenda kusakinishwa."

Watu wako wamekaa vitini tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na katika aya hiyo fupi kila kitenzi kimesafirishwa. Nani anakwenda? Anakwenda wapi?

Kwenda ni kitenzi kizima chenye maana kamili: kutoka hapa na kufika pale. Mama anakwenda kuteka maji, kisima kiko ng'ambo na ndoo iko kichwani. Jirani amekwenda kuhani msiba Kilosa, amepanda basi. Ukisema "nakwenda kulala", unainuka sebuleni unaelekea chumbani. Hizo ni sentensi safi na sina neno nazo, kwa sababu ndani yake kuna mtu, kuna mguu na kuna mahali. Sasa tazama: "Kompyuta inakwenda kutuuliza nywila." Kompyuta hiyo ina waya nyuma umechomekwa ukutani. Iko mezani, itauliza ikiwa mezani, na ikishauliza itabaki mezani. Kiswahili kina silabi moja tu ya kusema hivyo, nayo ni -ta-. Itauliza. Wewe umeweka "inakwenda ku-", silabi tano, ukapata maana pungufu.

Najua yalikotoka. Yametoka kwenye Kiingereza, ambacho hutumia kitenzi chake cha kwenda kueleza jambo lililo karibu kutokea, nasi tumekifasiri neno kwa neno bila kujiuliza kama tulikuwa na upungufu. Pengine mlango ulifunguliwa kiwanjani. Mtangazaji anasema "anakwenda kupiga kona", na kweli mchezaji anatembea hadi penye kibendera. Dakika inayofuata "mwamuzi anakwenda kupuliza kipenga", naye mwamuzi amesimama palepale. Kutoka hapo likaingia kwenye taarifa ya habari, likapanda majukwaani: Serikali inakwenda kujenga, bei zinakwenda kupanda, mvua inakwenda kunyesha. Sasa limetia nanga kwenye video za mafunzo ya kompyuta, ambamo mtu hawezi kubofya kitufe kimoja bila kwanza "kwenda kubofya". Bila shaka ndiko ulikolichukua wewe, na ndiko wanafunzi wako watakakolichukua kama hukuwazuia.

Ingekuwa hasara yenyewe ni kwamba -ta- imenyang'anywa kazi, ningenung'unika kidogo nikanyamaza. Hasara ni kubwa zaidi, na maelezo ya kompyuta ndiyo mahali pa kuiona. Anayefuata maelezo anahitaji kujua mambo manne kila hatua: lipi nifanye mimi, lipi litafanywa na mashine yenyewe, lipi hutokea siku zote, na lipi litatokea endapo tu jambo fulani litatangulia. Kiswahili kina umbo la kila moja. Fungua, andika, bonyeza: hiyo ni amri, kazi yako. Itauliza, itapakua: hiyo ni kazi ya mashine. Huficha, huonyesha: ndiyo tabia yake. Ikikuuliza, ukikosea, ikishamaliza: hapo ni sharti na mfuatano. "Tunakwenda ku-" imeyameza yote manne. Katika aya yako mwanafunzi hawezi kujua kwa kitenzi peke yake ni wapi aweke vidole kwenye kibodi na ni wapi atulie asubiri.

Chukua hiyo nywila yako. "Tunakwenda kuandika nywila yetu na terminali inakwenda kuificha." Mwanafunzi akisoma hivyo ataelewa kwamba ataandika kwanza, aone herufi zake, kisha terminali izifiche. Sivyo. Terminali ya Xubuntu 22.04 haionyeshi chochote tangu herufi ya kwanza, wala vinyota, wala kile kialama cha mahali unapoandika hakisogei. Mgeni wa Linux hudhani kibodi imekufa. Anabonyeza kwa nguvu, anarudia, anachanganya, anapiga Enter, anaambiwa amekosea. Kwa kawaida sudo, ile amri inayoomba ruhusa ya msimamizi, humpa mtu nafasi 3, baada ya hapo hukatika na inabidi aanze upya. Na kama nyumbani ana Linux Mint, ndugu yake Xubuntu, ndiyo balaa zaidi, kwa sababu Mint imezoea kuonyesha vinyota, kwa hiyo ana hakika kabisa kwamba kompyuta ya chuo ni mbovu. Haya yote yangeponywa na umbo moja la kitenzi: "Terminali hii huificha nywila wakati unapoiandika." Hu- inamwambia kwamba ndiyo desturi ya kifaa, halijaharibika jambo. "Inakwenda kuificha" inamwambia kwamba kuna tukio liko njiani linakuja.

Kipimo cha pili ni ukanushi, na hapa ndipo ninapowaomba watetezi wa tunakwenda wanijibu. Kanusha "terminali inakwenda kuonyesha vinyota". Utasema "terminali haiendi kuonyesha vinyota"? Hata wewe mwalimu hukuthubutu. Mstari wa tisa wa ukurasa wako unasema "haitaonyesha herufi zozote". Umekwenda, umekwenda, umekwenda, na ulipofika kwenye kukanusha ukarudi mbio kwenye -ta-, kwa sababu sikio lako la Kiswahili ni zima na lilikukataza. Ulisikilize na kwenye sentensi za kukubali. Vilevile jaribu kirejeshi: "programu tunayokwenda kuisakinisha" ni mkokoteni mzito wa kusukuma, ilhali "programu tutakayosakinisha" inateleza yenyewe.

Tena angalia hiyo "tutakayo". Mtetezi msomi ataniambia kwamba hata -ta- ilikuwa kitenzi kamili zamani: ni -taka iliyokatwa, na ndiyo maana -ka- yake hurudi kwenye virejeshi, atakayekuja, nitakapofika, watakaoandika. Kama kutaka kuligeuka kuwa wakati ujao, kwa nini kwenda kusigeuke? Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote ninazoandikiwa. Lugha hukua hivyo, na siwezi kuapa kwamba wajukuu zetu hawatakuwa na kiambishi kilichotokana na kwenda. Lakini -taka ilipoanza safari hiyo ilijisaga vinywani mwa wenyewe, vizazi kwa vizazi, hadi ikawa silabi nyepesi isiyomkumbusha mtu kutaka. "Tunakwenda ku-" haijasagika hata kidogo. Bado ina miguu yake yote, bado inashindana na maana yake halisi, na imeletwa mahali ambapo kiti kilikuwa na mtu. Anayesema "daktari anakwenda kumpasua mgonjwa" leo, je, daktari yuko korido anaelekea chumba cha upasuaji, au amepanga kupasua wiki ijayo? Ndugu wa mgonjwa wanahitaji kujua.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kijana akiniambia barabarani "naenda kukupigia baadaye", nitamwelewa na sitamsimamisha. Nimezoea, na maisha ni mafupi. Kwenye maandishi ya kufundishia sikubali hata moja. Nimekuandikia upya aya yako ya kwanza, uilinganishe:

"Leo tutasakinisha Plank. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja ili kufungua terminali. Andika sudo apt install plank, kisha bonyeza Enter. Kompyuta itakuuliza nywila. Iandike hata kama huoni kitu, kwa maana terminali hii huificha nywila wakati unapoiandika, kisha bonyeza Enter tena. Ikikuuliza kama iendelee, bonyeza Y na Enter. Itaipakua Plank na kuisakinisha. Ikishamaliza, funga terminali na uifungue Plank kutoka kwenye menyu."

Hesabu ukipenda: kila umbo lina kazi, na msomaji anajua zamu ya nani. Nimeongeza hiyo sentensi ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu wewe uliwaelekeza waandike plank ndani ya terminali, ukamalizia "tunakwenda kufunga terminali". Hukuwaambia kwamba Plank iliyoanzishwa kutoka terminali kwa kawaida hufungwa pamoja nayo. Ukifunga terminali, doki nayo hutoweka. -ki- moja na hu- moja zingewaokoa, na "tunakwenda" iliwaficha.

Ukurasa wa pili una yaleyale. "Tunakwenda kushikilia Ctrl na kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya doki" iwe "Shikilia Ctrl, kisha bofya doki kwa kitufe cha kulia cha kipanya". "Mapendeleo yanakwenda kufunguka" hayo ni makosa mawili kwa mpigo, kwa sababu kinachofunguka kwanza ni menyu, na mapendeleo yamo ndani yake. Andika "Menyu itafunguka, chagua mapendeleo." Pale kwenye mstari mweusi unaojitokeza juu ya doki katika Xfce, yale mazingira ya madirisha na menyu ya Xubuntu, umeandika "mstari unakwenda kuonekana". Si lazima uonekane kwa kila mtu, kwa hiyo andika "Ukiona mstari mweusi juu ya doki, zima vivuli vya doki katika mipangilio ya ziada ya madirisha". Na kwenye kuifanya Plank ianze kila kompyuta inapowashwa, "inakwenda kuanza yenyewe" iwe "itakuwa ikianza yenyewe", kwa sababu ni jambo la kila siku, la kuanzia leo na kuendelea.

Futa zote isipokuwa moja, iliyo chini kabisa: "Baada ya maelezo haya tunakwenda maabara kujaribu." Hiyo iache. Maabara yenu, kwa jinsi ulivyoandika, iko jengo la pili, na wanafunzi watainuka watembee.