Maswali ya Wasomaji: Makala ya sayansi redioni ianzie mwaloni

SWALI: Mhariri, mimi ni mtangazaji wa kujitolea katika redio ya kijamii mkoani Kigoma. Nimepewa nusu saa kila wiki niandae makala kuhusu sayansi na teknolojia na jinsi zinavyogusa maisha ya watu. Nimekuwa nikisoma hewani maandishi ya watafiti wa Ziwa Tanganyika, lakini wasikilizaji wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wananiambia hawaambulii kitu. Nianzie wapi? – Msomaji, Kibirizi

JIBU: Ndugu msomaji, hao waliokukosoa wamekwisha kukuonyesha pa kuanzia. Makala ya sayansi hushika sikio inapofungua na swali ambalo msikilizaji analo tayari, na pale Kibirizi mnalo kila asubuhi mitumbwi inaporudi: dagaa wamekwenda wapi? Liweke mwanzoni, kisha waache wavuvi walijibu wao kwanza. Watataja nyavu zenye macho madogo, wingi wa mitumbwi, pengine na taa zenye mwanga mkali kuliko za zamani. Usiyapitie maelezo hayo haraka kana kwamba ni utangulizi tu wa mtaalamu, kwa sababu yanatoka kwa watu wanaolitazama ziwa usiku kucha.

Baada ya hapo ndipo mtafiti aingie. Mwaka 2003 majarida ya Nature na Science yalichapisha tafiti zilizoonyesha kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yamekuwa yakipata joto, na kwamba joto hilo limepunguza uwezo wa ziwa kulisha samaki. Sababu yake inaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Ziwa hili, mahali penye kina kirefu zaidi, linafika takriban mita 1,470. Maji ya chini hayana oksijeni, lakini ndiyo yaliyohifadhi virutubisho vingi. Upepo wa kusini unaovuma wakati wa kiangazi huyakoroga maji na kupandisha virutubisho hivyo juu, mwani ukastawi, vijidudu vinavyoula mwani vikaongezeka, na dagaa wakashiba. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, upepo ukashindwa kuyachanganya vizuri, na chakula kikabaki chini. Maelezo haya hayafuti yale ya wavuvi, kwa kuwa ziwa linaweza kupungukiwa na chakula huku likivuliwa kupita kiasi. Makala yako itapata uzito ukiwakutanisha mvuvi na mtafiti, wakaulizana wenyewe.

Sehemu ya tatu, ambayo naiona ndiyo moyo wa kazi yako, ni athari kwa jamii. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hapo sayansi iliingia jikoni. Muulize mama anayeanika dagaa kwenye vichanja aliishi vipi miezi hiyo, muulize mpagazi, muulize muuza chai wa mwaloni. Kisha mpelekee afisa uvuvi majibu yao, naye ajibu hayo hayo, si hotuba aliyoiandaa.

Kuhusu sauti, usitegemee mazungumzo ya studioni peke yake. Tafuta mzee aliyehifadhi karabai yake, ile taa ya mafuta ya kuvulia dagaa, apige pampu, aiwashe, nawe urekodi ule mvumo wake. Halafu nenda ufukweni usiku wa giza, kwa maana mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti dagaa, urekodi mitumbwi ikisukumwa majini na taa za betri ambazo hazitoi sauti yoyote. Msikilizaji atayapata mabadiliko ya teknolojia kwa masikio yake, nawe hutahitaji kuyahutubia. Najua kishawishi cha kuanza na sokwe wa Gombe ni kikubwa, maana tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika huko mwaka 1960 dunia imezoea kuisikia sayansi ya Kigoma kwa njia hiyo. Nao wana nafasi yao, ila si katika makala ya kwanza.

Kabla ya kurusha, wachezee wavuvi wawili au watatu rekodi yako, kisha waombe wakueleze walichoelewa. Wanapokwama ndipo pa kurekebisha.

SWALI: Je, makala ya nusu saa ina faida gani leo, wakati vijana wanasikiliza vipande vya dakika moja kwenye simu? – Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Inategemea inasikilizwaje. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walisikiliza vipindi vya redio wakiwa katika vikundi, wakiwa na vijitabu na kiongozi wa majadiliano, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Huko kwenu jambo kama kukausha tumbaku kwa kuni haliishi kwa dakika moja: kuna bani lenyewe, yaani banda la kukaushia tumbaku, kuna msitu wa miombo unaokatwa, kuna gharama ya kujenga bani la kisasa linalotumia kuni chache, na kuna swali la nani ailipe. Wanachama wa chama cha msingi wakiisikiliza makala hiyo pamoja siku ya mkutano, redio ikazimwa na wakaanza kupigia hesabu kuni za msimu uliopita, nusu saa itaonekana fupi.