Hewa ya nje kwenye AC ya paani: maswali ya Tabora na Kigoma

Maswali ya safari hii yametoka kwa mafundi na wenye majengo walioletewa AC ya paani pamoja na vifaa vya kuingizia hewa ya nje: kofia ya kukinga mvua, dampa (fremu yenye mabapa yanayofungua na kufunga njia ya hewa), wavu, filta ya aluminiamu na mota ya dampa.

Shikamooni wakubwa. Nafunga AC ya tani 5 (tani za uwezo wa kupoza, si uzito) hapa Ipuli, Tabora. Karatasi ya maelekezo imelowa, haisomeki. Tundu la hewa ya nje nikate wapi, na nianze na kipi?

Marahaba. Grinda iweke chini kwanza, maana mara nyingi tundu limeshatengenezwa kiwandani. Zunguka mashine utafute upande ambao hewa ya chumbani inarudia. Hapo utakuta paneli ya bati iliyofungwa kwa skrubu, ndiyo inayofunika tundu. Hewa ya nje lazima ipite hapo, kabla ya filta na koili (mabomba yanayopoza hewa). Ukitoboa upande wa pili, baada ya koili, vumbi na joto vinashuka chumbani moja kwa moja, na mwenye jengo atakuita kila siku kwamba AC haipozi.

Zima swichi kuu, ipige kufuli, subiri dakika 5 kapasita ziishe chaji, kisha hakikisha kwa mita kwamba umeme haupo. Ondoa paneli, pangusa kingo, bandika mpira wa kuziba pande zote 4 bila kuacha mwanya kwenye kona. Ingiza fremu ya dampa. Skrubu zote zishike kwa mkono kwanza, ndipo uzikaze kwa mshazari. Ukianza kukaza upande mmoja fremu inajipinda na mabapa yanasugua. Yasukume kwa kidole toka kufunga mpaka kufungua. Yakikwama leo, kesho mota itaungua. Tumia skrubu zilizokuja kwenye boksi, kwa sababu ndefu kuliko hizo zinaweza kutoboa bomba la gesi au kuchuna waya ulio nyuma ya bati.

Kisha funga kofia, mdomo ukiangalia chini. Hapa ndipo kesi nyingi za kuvuja zinapoanzia. Paka silikoni ukingo wa juu na wa pembeni, lakini wa chini uache wazi, ili tone lililopenya lipate pa kutokea. Ukiziba na chini, kofia inageuka beseni na maji yanamwagikia ndani ya mashine. Ukimaliza, okota vipande vyote vya chuma vilivyoanguka juu ya paa. Vikinyeshewa vinashika kutu, na kutu hiyo inakula bati.

Ukumbi wetu wa ofisi una mita za mraba 120 na watu 24. AC ni ya tani 5. Fundi amefungua dampa nusu, anasema hewa nyingi ndiyo afya. Sasa mchana ukumbi haupoi. Nani amekosea?

Fundi ana nia njema, ila hajapima. Kanuni ya 62.1 ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, inayotumika sana katika fani hii, inaipa ofisi lita 2.5 kwa sekunde kwa kila mtu, na lita 0.3 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba. Piga hesabu: watu 24 ni lita 60, sakafu ni lita 36, jumla lita 96 kwa sekunde. AC ya tani 5 kwa kawaida inasukuma kama lita 940 kwa sekunde. Kwa hiyo mnahitaji takriban asilimia 10 ya hewa ya nje.

Tuseme dampa iliyofunguliwa nusu inaleta kweli asilimia 50, yaani lita 470. Siku ya Oktoba nje kukiwa na nyuzi 33 na ndani mnataka 24, kuipoza hewa hiyo tu, kabla hata ya kuhesabu unyevu, kunakula kama kilowati 4.5 kati ya 17.6 za uwezo wa mashine kupoza. Kwa lita 96 ni kilowati 0.9 tu. Joto lililowashinda linaingilia hapo.

Mwambie fundi asiweke dampa kwa kukadiria kwa macho, kwani bapa lililofunguka nusu si lazima lipitishe nusu ya hewa. Atumie kipimaupepo kwenye mdomo wa kofia. Tuseme mdomo ni sentimita 40 kwa 20, sawa na mita za mraba 0.08. Lita 96 kwa sekunde zitasoma wastani wa mita 1.2 kwa sekunde. Agawe mdomo vipande 9, apime kila kimoja, achukue wastani. Feni iwe inazunguka, filta iwe safi, milango imefungwa. Kasi ikifika mita 2 na zaidi, kofia inaanza kuvuta matone ya mvua, basi atafute kubwa zaidi.

Wapo wanaopima kwa kulinganisha joto la hewa inayorudi, ya nje na iliyochanganyika. Njia hiyo inafaa asilimia ikiwa kubwa. Kwa asilimia 10, tofauti mnayoitafuta haifiki nyuzi 1, na kipimajoto cha kawaida chenyewe kinaweza kukosea nusu ya nyuzi.

Dampa imeshawekwa na mota yake inafanya kazi, lakini kila baada ya muda chumba kinakuwa kizito, watu wanasinzia. Tatizo nini?

Angalia thamostati. Feni ikiwekwa kwenye AUTO, inasimama kompresa inaposimama, na hewa ya nje inakatika papo hapo. Saa za kazi iweke ON. Jioni watu wakiondoka, feni izimwe na dampa ifunge.

Mwangaluka! Nyuki wameingia kwenye kofia ya AC yetu hapa Cheyo. Tupulize dawa?

Mwangaluka. Hapana, tunawasihi msipulize. Sumu yoyote mtakayopuliza mdomoni mwa kofia itavutwa na feni hadi puani mwa watu walio chini. Zimeni mashine, mwiteni mrina asali aje jioni kundi likiwa limetulia. Akishawahamisha, kwangueni masega yote na nta yote, kwani harufu yake huita kundi jingine.

Kisha badilini wavu. Wavu wa ndege una matundu ya milimita 13 hivi, na nyuki anapita bila kukunja bawa. Wa milimita 3 unamzuia. Wa mbu msiweke: vumbi la kiangazi linauziba haraka na hewa inakata. Hata huo wa milimita 3 unapunguza hewa, kwa hiyo pimeni upya mkishaufunga, na muusafishe kila wiki mbili kuanzia Juni hadi mvua zianze.

Tuko Kibirizi, Kigoma. Harufu ya dagaa inaingia ofisini kupitia AC. Tufunge dampa kabisa?

Mkifunga mtakuwa mnavuta pumzi zenu wenyewe. Filta ya kawaida hukamata vumbi, harufu haiigusi. Geuzeni au hamisheni kofia iangalie mbali na vichanja na mchanga wa kuanikia. Pia iwe angalau mita 3 kutoka bomba la hewa la choo au bomba la moshi la jikoni, na jenereta ikae mbali zaidi ya hapo. Mdomo uinueni sentimita 30 au zaidi juu ya bati, kwani saa nane mchana hewa inayotambaa juu ya bati ina joto kali kuliko ile iliyo juu yake.

Usiku wa Julai Tabora kuna baridi. Naweza kufungua dampa yote nipoze jengo bila kompresa?

Unaweza, na tunaipenda sana njia hii kwa hali ya hewa ya Tabora. Unahitaji mota inayofuata amri ya sensa ya joto la nje: ikishuka chini ya nyuzi 18, dampa ifunguke yote na kompresa ipumzike. Lazima pawe na tundu la kutolea hewa lenye bapa linalojifungua lenyewe kwa msukumo, la sivyo jengo linajaa hewa, milango inapiga mluzi na haifungi. Kabla ya kuunga waya soma uwezo wa transfoma ya volti 24, ujumlishe mota na vifaa vyote vinavyoitegemea.

Masika yakiingia, sensa ya joto peke yake inadanganya. Hewa ya nyuzi 22 yenye unyevu wa asilimia 85 inabeba joto jumla kubwa kuliko ya ndani yenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 50. Ukiiingiza yote, karatasi zinalegea na kuta zinatoa ukungu. Funga sensa inayosoma joto na unyevu pamoja, au Novemba ikifika irudishe dampa kwenye kile kiwango cha chini ulichopima.