Maswali ya wasomaji: Kuni zangu zinaweza kuendesha jenereta?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mufindi, nina eka tatu za milingoti halafu jirani wanapasua mbao kwa dingdong (ile mashine ndogo ya kupasulia mbao) kwa hiyo mabanzi ninayo ya kumwaga. Nguzo za TANESCO bado ziko mbali na sisi, jenereta yangu ya petroli ya kVA 5 inanimalizia hela kwa kusaga mahindi na kuranda mbao. Nimeona video mtu anawasha jenereta kwa kuni, ni kweli au kiini macho? Na ntaweza kuwasha taa na friji humo humo? Baba Mapacha

JIBU: Marahaba Baba Mapacha. Ni kweli kabisa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia petroli ilipoadimika Ulaya, mamia ya maelfu ya magari yalitembea kwa gesi ya kuni, mengi yakitumia tanuri la Mfaransa Georges Imbert.

Iko hivi, ukichoma kuni kwenye tanuri lililofungwa ukalipa hewa kidogo tu, haziungui zikaisha, zinatoa gesi yenye kaboni monoksaidi na haidrojeni na hiyo ndo inalipuka ndani ya injini. Kuni zinakaa juu, hewa inaingia katikati, gesi inalazimishwa kushuka kupitia mkaa wenye moto mkali, inatokea chini, inaacha majivu kwenye pipa, inapoa kwenye mabomba, inapita kwenye chujio ndo inachanganywa na hewa kwenda kwenye injini. Ule mkaa ndo roho ya mashine nzima manake ndo unaovunja lami (ule uchafu mweusi unaonata unaotoka kwenye moshi wa kuni), na lami ikipita injini imekwisha.

Sasa lami inaletwa na kuni mbichi, hapa naomba unisikilize vizuri manake mi yalinikuta. Mwanzoni nilitia mabanzi yaliyokaa nje wiki tatu, kwa macho yamekauka kabisa, injini ikaunguruma vizuri jioni ile, asubuhi navuta kamba haivutiki, kufungua nakuta valvu imegandia na utando mweusi unaonata kama asali iliyoungua. Toka siku hiyo napima. Chukua gramu 1000 za vipande, viweke kwenye oveni ya moto mdogo mpaka uzito ugome kushuka, ukibaki na gramu 800 au zaidi endelea, ukibaki na 700 hizo kuni zirudi bandani. Mabanzi yapasue, yapange chini ya bati, pembeni pawe wazi upepo upite, yakae miezi sita na kwa ukungu wa huko kwenu hata zaidi. Ukiwasha tanuri, kabla ya kufungulia injini shika kitambaa cheupe mbele ya bomba la gesi kwa dakika moja hivi, kikitoka na rangi ya chai ya rangi usifungulie.

Vipande viwe vya ukubwa wa boksi la kiberiti mpaka ngumi ya mtoto. Vumbi la mbao usitie, linaziba hewa.

Hesabu yako: uniti moja ya umeme (kilowati moja kwa saa moja) inakula kama kilo 1.5 za kuni kavu. Injini ya petroli ikila gesi hii nguvu inashuka karibu nusu, kwa hiyo kVA 5 yako itegemee kilowati 2 hivi. Ukifanya kazi masaa matatu kwa siku, siku tano kwa wiki, ni kilo 45 kwa wiki, tani mbili na kitu kwa mwaka, kwa mabanzi uliyonayo wala hukati mti.

Lakini taa na friji hapana. Tanuri linataka mtu wa kulijazia, kutoa majivu na kusafisha chujio, huwezi kufanya hivyo usiku kucha kwa ajili ya balbu tatu. Nunua sola na betri kwa ajili ya nyumba, kuni ziendeshe kinu na randa mchana, na jenereta ikiwa inafanya kazi ichaji betri hizo hizo, hasa Juni na Julai jua linapogoma.

Na nakuomba sana, tanuri lisikae kwenye chumba wala karibu na dirisha la wanapolala watoto. Kaboni monoksaidi haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini. Banda la wazi, mbali na nyumba. Hata ukizima usichungulie kwenye mfuniko, gesi iliyobaki inaweza kuwaka usoni.

SWALI: Fundi, kwa nini tusichemshe maji tu, mvuke uzungushe jenereta? Msomaji, Kilolo

JIBU: Kwa mradi mkubwa sawa, kiwanda cha miwati cha TANWAT pale Njombe kinachoma kuni na kuzalisha megawati kama 2.5 kwa mvuke. Ukiufanya mdogo wa nyumbani unakula kuni mara kadhaa zaidi ya gesi kwa umeme ule ule. Na boila ya kuungaunga na pipa ni bomu, ndugu yangu, hiyo usijaribu kabisa.