Geuza zoezi, usimwache mtu: majibu kwa walezi na wahudumu

Barua za mara hii zimetoka kwa watu wanaotunza wenzao, nyumbani na vituoni. Karibu zote zinauliza kitu kimoja: fulani hawezi zoezi hili, je, apumzike? Jibu letu mara nyingi ni hapana. Kabla hujamwambia mtu akae pembeni, angalia mambo manne: nafasi anayochezea, kazi yenyewe anayotakiwa kufanya, kifaa anachotumia, na watu walio karibu naye. Badilisha mojawapo kwanza, ndipo uamue.

Makazi yetu yana wazee kumi na wanne. Watano wanatembea vizuri, wengine kwa bakora, wawili wako kwenye viti mwendo na mmoja haoni. Nikiwatoa uani pamoja, wenye nguvu wanachoshwa na kusubiri, wanyonge wanabaki kutazama. Niwagawe? (Mhudumu, Morogoro)

Usiwagawe. Wape zoezi moja lenye ngazi tatu, na kila mmoja aanzie anapoweza.

Panga viti kwa duara, migongo ya viti iguse ukuta au nguzo pale inapowezekana. Kiti kiwe na kalio gumu, urefu wa sentimita 43 hadi 45 kutoka chini. Viti vyenu vya plastiki vinafaa ila miguu yake hutanuka kwenye sakafu laini, hasa mtu mzito anaposukuma mikono ya kiti. Chomeka viwili pamoja viwe kimoja, na futa maji yote sakafuni.

Anza na dakika tano hadi saba za kuamsha mwili wakiwa wamekaa: kukanyaga papo hapo, kuzungusha mabega, kuinua visigino kisha vidole. Halafu zoezi kuu, simama-kaa. Mwenye nguvu anasimama mikono ikiwa imepishana kifuani, mara 10, apumzike, arudie. Wa bakora anasukuma mikono ya kiti, mara 5. Wa kiti mwendo anafunga breki na kujiinua makalio kwa mikono. Mikono ikiwa dhaifu, anyooshe mwili mbele kugusa mpira ulioushika wewe. Asiyeona anafanya kama mwenye nguvu, anachohitaji ni sauti: sema "sasa" kila mara, usitegemee ishara ya mkono.

Simama-kaa tumelichagua makusudi, kwa sababu misuli ya mapaja ndiyo inayomtoa mzee kitandani na chooni bila kushikwa. Linapomshinda, sababu mara nyingi ni miguu kuwa mbele mno. Mwambie asogee ukingoni mwa kiti, arudishe visigino nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua ipite magoti, ndipo asukume. Ikishindikana bado, inua kalio la kiti kwa sentimita 5 za godoro gumu au blanketi lililokunjwa. Mto laini haufai kwa sababu unamzamisha tena. Na wakati wa kukaa asijibwage: ashuke polepole huku mkihesabu hadi tatu. Kushuka huko nako ni mazoezi.

Malizia kwa mchezo wa bocha, ambao umo kwenye Michezo ya Paralimpiki tangu 1984. Kila upande una mipira sita, na mpira mmoja mweupe ndio shabaha. Anayesogeza mipira yake karibu zaidi na mweupe anapata pointi. Mipira rasmi ina uzito wa gramu 275 hivi, na ya kwenu inaweza kuwa soksi zilizojazwa mchanga au mahindi zikashonwa. Wote wachezee kitini, hata wale watano. Asiyeweza kurusha mpe bomba la plastiki la inchi 4 lililopasuliwa kati, urefu wa mita moja, ateremshe mpira humo. Anayemshikia bomba aupe uwanja mgongo na afuate maelekezo ya mchezaji tu. Ndivyo sheria za mchezo zinavyotaka, ili uamuzi ubaki kwa mchezaji. Kwa asiyeona, mtu apige makofi juu ya mpira mweupe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi kwa wiki. Dakika 30 zenu za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zinatosha kuanzia.

Mume wangu alipata kiharusi miezi mitano iliyopita, kushoto kumelegea. Shemeji zangu wakija wanamvuta ule mkono ili "uamke", na wamemletea mpira wa kufinya. Tunafanya sawa? (Mama K., Tanga)

Mama, waombe shemeji zako waache kuvuta leo hii. Bega hushikiliwa na misuli kuliko mifupa. Misuli ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unatosha kulishusha fundo la bega kutoka mahali pake, na anayevuta anamalizia. Maumivu yake hukaa miezi, na mgonjwa mwenye bega linalouma hukataa mazoezi yote, hata ya mguu. Kwa sababu hiyo hiyo, msimnyanyue kwa kumshika kwapani.

Akikaa, mkono ulale juu ya meza au mto, usining'inie. Atandike kitambaa kwenye meza, ashikanishe vidole vya mikono miwili, asukume kitambaa mbele na kukirudisha, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Mpira wa kufinya uwekeni kando: unazoeza kufunga mkono, na kinachowashinda wengi baada ya kiharusi ni kuufungua. Bora afikie kikombe cha plastiki, akishike, akiachie.

Kwa mguu, afanye simama-kaa, mguu wa kushoto ukiwa nyuma ya wa kulia kidogo. Hapo mguu dhaifu unalazimika kubeba uzito. Ukiwa mbele, wa kulia utafanya kazi yote. Wewe simama upande wake wa kushoto, maana huko ndiko atakakoangukia. Mfunge kiunoni mkanda mpana, au khanga iliyokunjwa mara nne, ushike hapo.

Pimeni presha kwanza. Namba ya juu ikifika 180, au ya chini ikifika 110, akiwa amepumzika, hakuna mazoezi siku hiyo, mpelekeni kliniki. Ahesabu kwa sauti anapojikaza, kwa sababu kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Uso ukipinda upya, mkono ukidondoka au maneno yakikwama, ni hospitali mara moja, hata kama dalili zimepita.

Mdogo wangu ana miaka 27, aliumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua na anatumia kiti mwendo. Anataka kucheza mpira wa kikapu na wenzake. Wazee wanaogopa. (Nakuru)

Acheze, kaka. Kukaa bila kufanya lolote kunamletea vidonda, unene na mabega magumu, na hayo ndiyo ya kuogopwa. Ila yuko katika kundi lenye hatari moja ambayo kila anayecheza naye lazima aijue.

Mtu aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake anaweza kupandwa na presha ghafla kwa sababu ya kitu kidogo kinachomsumbua mwili chini ya jeraha, asikihisi: kibofu kujaa, mpira wa mkojo kujikunja, choo kukwama, kamba kumbana paja. Dalili ni kichwa kugonga kwa nguvu, uso kuwiva na kutoka jasho juu ya jeraha. Presha yake ya kawaida huwa ya chini, pengine 90 au 100 kwa namba ya juu, hivyo 140 kwake ni ya juu sana. Muacheni ameketi wima, msimlaze kamwe, maana kulala kunaipandisha zaidi. Legezeni mkanda, viatu na nguo za kubana. Fuateni mpira wa mkojo kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko, nyoosheni palipojikunja, mwageni mfuko uliojaa. Dalili zisipopungua katika dakika chache, mkimbizeni hospitali na mwambieni daktari hasa ni jeraha la pingili gani, kwa kuwa si wahudumu wote wanaolifahamu tatizo hili. Kwa hiyo kabla ya kila mchezo: kibofu kitupu, mfuko mtupu.

Ya pili ni joto. Chini ya jeraha mwili hautoi jasho la kutosha, basi acheze asubuhi au jioni, apate kivuli kila mapumziko na chupa ya kujinyunyizia maji. Ya tatu ni ngozi. Kila dakika 15 hadi 30 ainame mbele, kifua kuelekea mapajani, akae hivyo hadi dakika mbili ili damu irudi makalioni. Jioni aangaliwe makalio na visigino. Wekundu usioondoka baada ya nusu saa unamaanisha hachezi kesho.

Mabega yake ndiyo miguu yake, yatunzeni. Kusukuma magurudumu kunakaza kifua na kuacha mgongo dhaifu, kwa hiyo kwa kila zoezi la kusukuma afanye mawili ya kuvuta. Mpira wa ndani wa baiskeli uliofungwa kwenye nguzo unatosha: avute viwiko nyuma, mara 12, raundi mbili. Jazeni upepo matairi kila wiki. Tairi laini linamchosha bega bila faida, na hili linasahaulika mno.

Kiti cha hospitali ni rahisi kupinduka nyuma. Cha kikapu kina magurudumu yaliyolala upande na kigurudumu kidogo nyuma cha kuzuia kupinduka. Mpaka apate hicho, aanze na kupasiana na kudundisha. Sheria ya kuzoea mapema: baada ya kusukuma magurudumu mara mbili, lazima adundishe.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Leicester. Bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau hukasirika kila nikisema ni wakati wa mazoezi. (Msomaji, Uingereza)

Basi usilitaje neno mazoezi. Mpe kazi anayoijua mwilini: akunje taulo akiwa amesimama mbele ya meza, afute meza ndefu mwanzo hadi mwisho, amwagilie maua. Taulo ishirini zilizowekwa rafu ya juu kidogo ni mazoezi ya mabega na ya kusimama imara.

Ukitaka afuate mwendo, kaa mbele yake, macho kwa macho, ufanye wewe kwanza. Sema jambo moja, kisha nyamaza na usubiri hata sekunde kumi. Ukirudia kwa maneno mengine kabla hajamaliza kuelewa, anaanza upya, na hasira hutokea hapo. Muziki wa ujana wake unasaidia kuliko maelekezo. Asubuhi ni bora, kwani wengi huchanganyikiwa zaidi jua likizama.

Akikataa, angalia kwanza kama ana maumivu, kama amevaa miwani na kifaa cha kusikia, kama viatu havimbani. Kisha muache, urudi baada ya dakika ishirini. Ana haki ya kukataa. Kilichofanya kazi kiandike kwenye mpango wake wa matunzo, mwenzako wa zamu asianze upya.

Nina watoto wawili wenye ugonjwa wa Down darasani. Nimeambiwa wasirukeruke kabisa. Kweli? (Mwalimu, Dodoma)

Si kweli. Watoto wote wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamka kila siku, hawa wakiwemo. Yanayozuiliwa ni yale yanayoilemea shingo, kwa sababu kano za pingili mbili za juu huweza kuwa legevu: kupinduka kichwa chini miguu juu, kupiga mpira kwa kichwa, kupiga mbizi, na kuruka kwenye trampolini. Mtoto akianza kulalamika shingo, akibadili mwendo, akidhoofika mikono au akijikojolea wakati alishaacha, simamisha kila kitu, aonwe na daktari. Na kwa kuwa karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, omba wazazi wathibitishe kwamba moyo ulipimwa.

Darasa likiwa na mtoto wa mgongo wazi, usitumie maputo ya kawaida. Wengi wao wana mzio mkali wa mpira asilia. Mpira wa plastiki wa ufukweni unafaa.

Mazoezi gani kwa mtoto mwenye ualbino? (Geita)

Yoyote, ila kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, au ndani. Mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya kinga ya jua nusu saa kabla ya kutoka, yapakwe tena kila saa mbili. Uoni wake ni hafifu, basi tumia mpira mkubwa wa rangi inayotofautiana na ardhi: njano kwenye nyasi, bluu kwenye vumbi.

Kituo chetu hakina fedha, na vijana wetu wana ulemavu tofauti wa miguu. (Bujumbura)

Voliboli ya kukaa. Uwanja ni mita 10 kwa 6, wavu urefu wa mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Kamba yenye vitambaa inatosha. Makalio yawe chini mtu anapougusa mpira. Wasio na ulemavu nao wakae, wataona wenzao walivyo wepesi. Majirani zenu Rwanda walipeleka timu ya wanawake ya mchezo huu kwenye Paralimpiki ya Rio 2016. Fagieni mawe, na asiyehisi miguu avae suruali nene na soksi, maana mchubuko hatausikia.

Baba ana kisukari, nyayo zimekufa ganzi. Atembee? (Mwanza)

Atembee kwa viatu vya kufunika, si kandambili, na soksi zisizo na mshono mkali. Kila mara mkono uingie ndani ya kiatu kutafuta jiwe au msumari, na jioni nyayo zitazamwe kwa kioo. Akiwa na kidonda, asitembee kwa mazoezi mpaka kipone. Afanye ya mikono na ya kukaa.

Kama anatumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari), apime sukari ya damu kabla. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), ale ndizi moja kwanza. Akitetemeka au kutoka jasho baridi njiani, asimame: vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15. Sukari hiyo atembee nayo mfukoni, na asiende peke yake.